Mlungulungu: vipandikizi vinatoa majani vizuri halafu vinakufa, nakosea wapi?

Nyanzobe_wa_Kisesa

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kuotesha mlungulungu, ule mti wa dawa wenye miiba, kwa kukata matawi, na nataka hasa mtu aliyeshika wembe mwenyewe, maana nimeshapoteza vipandikizi 48 na miti yenyewe kwetu imebaki mitatu tu.

Niwape historia kidogo. Shamba letu lipo Magu, unaiacha barabara ya Musoma unaingia upande wa ziwani. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa dawa za miti, watu walikuwa wanatoka mpaka Igoma kumfuata, na alikuwa na milungulungu kumi na kitu, mingine imeota kwenye vichuguu, mingine katikati ya mawe. Nikiwa mdogo alikuwa akinituma majani, ananiambia chukua ya chini na usivunje kijiti, na gome alikuwa anachukua mwenyewe, kipande cha kiganja, upande mmoja wa shina, halafu mti huo haugusi tena mpaka kovu lijifunge. Alipofariki ndo mambo yakaharibika. Watu wakaanza kuja bila kubisha hodi, wengine usiku, wanamenya gome kuzunguka shina lote kama wanavua mtu koti, wengine wanachimba mizizi kabisa wanaacha shimo. Mwaka jana nimehesabu, imebaki mitatu, na mmoja kati ya hiyo umemenywa nusu ya mzunguko.

Nikasema basi, ntaiotesha mwenyewe. Mwezi wa tatu mwishoni mvua zimekolea nikakata matawi unene wa kidole gumba, urefu kama futi moja, nikachomeka kwenye viriba vyenye udongo mweusi na samadi, nikaweka chini ya mwembe, maji asubuhi na jioni. Wiki ya pili macho yakafunguka. Wiki ya tatu kuna majani kabisa, ukiyasugua ile harufu ya ndimu inapanda, nikakaa pale chini ya mwembe machozi yananitoka maana ni harufu ya nyumba ya bibi. Wiki ya tano yakaanza kulegea, kufika wiki ya saba hakuna kitu. Nimevuta kimoja kimoja, chini vyeusi, vinateleza, vinanuka, hakuna hata uzi mmoja wa mzizi.

Sasa naomba mnieleze, yale majani yalitoka wapi kama hakuna mizizi? Nibadilishe udongo? Au huu mti hauoti kwa tawi kabisa niache kuitesa miti mitatu iliyobaki?

Fundi_Kitalu

Dada Nyanzobe pole sana, 48 ni nyingi na nafahamu inavyouma. Mimi nina kitalu maeneo ya Nyamhongolo, karibu na viwanja vya Nane Nane, nimefanya miche ya matunda na ya mbao miaka kadhaa na mlungulungu nimeujaribu.

Swali lako la majani ndo lenyewe hasa. Tawi likikatwa lina chakula kimebaki ndani, wanga. Ule mwanga na unyevu unaamsha macho, macho yanakula hiyo akiba, majani yanatoka, wewe unafurahi, kumbe huku chini hakuna anayeleta maji. Majani yanatoa maji hewani kila siku na akiba inaisha, kwa hiyo lazima yalegee. Ndo maana sisi vitaluni hatuhesabu majani. Kinachotupa moyo ni ukikishika kijiti ukakivuta kidogo sana kikakataa kuja.

Halafu hapo kuna mambo matatu yamekuangusha kwa mpigo mmoja. Samadi na udongo mweusi kwenye kipandikizi ni kosa, kidonda kibichi kinakaa kwenye uchafu wenye fangasi na maji hayapiti, lazima kioze, na ule utelezi uliouona ndo kuoza kwenyewe. Kipandikizi hakihitaji mbolea, hakina mdomo wa kulia. Kinahitaji mchanga msafi, hewa na unyevu basi. Pili unene wa kidole gumba ni tawi zee. Tawi la mti mzima likishakomaa linakuwa gumu kutoa mizizi, hii ni kwa miti karibu yote, ila chipukizi linalotoka kwenye kisiki au kwenye mzizi lina ujana ndani yake, hilo ndo linaotesha mizizi. Tafuta unene wa penseli, limeanza kukomaa chini ila juu bado linapinda. Tatu ni hewa. Chini ya mwembe kuna kivuli sawa lakini upepo wa ziwa unapita, unakausha majani kuliko unavyofikiria.

Nikwambie ukweli lakini, mlungulungu ni msumbufu. Nikikata 30 nikapata 6 au 7 nafurahi. Hauko kama mhogo au mlonge unaochomeka popote. Kwa hiyo ukitaka kuokoa hiyo mitatu usitegemee vipandikizi peke yake, ila usiviache pia, maana kama mti utakufa kesho kwa kumenywa basi tawi lake ndo linabaki.

Ngosha_Mc

Chovya kwenye shubiri (aloe) fresh dada, au asali. Mimi naotesha rosemari hivyo hivyo.

Fundi_Kitalu

Ngosha shubiri haina ubaya, asali pia inazuia vijidudu kidogo, ila rosemari na mlungulungu ni mbingu na ardhi. Kwa mti mgumu kama huu nashauri homoni yenyewe ya mizizi, ile ya unga, kwenye chupa wanaandika IBA. Kwa tawi laini kiasi asilimia 0.3, kwa gumu kidogo 0.8. Unachovya ncha tu, sentimita moja, unakung'uta inayozidi. Wengi wanapaka kama wanaunga samaki wa kukaanga, ikizidi inaunguza.

Halafu dada jenga sanduku. Halihitaji umeme wala bomba la kupulizia ukungu, watu wa ICRAF, lile shirika la utafiti wa kilimo mseto, walilieneza sana kwenye vitalu vya vijijini na mimi ndo ninalotumia. Unapiga fremu ya mbao, unatandika nailoni nzito ndani isiyovuja, chini unapanga mawe makubwa, juu yake kokoto, kisha changarawe, mwisho mchanga kama sentimita 10. Unasimamisha kipande cha bomba pembeni kinachofika chini kabisa, humo ndo unamimina maji na humo ndo unaangalia yamefika wapi, maji yaishie kwenye mawe yasiguse mchanga. Unyevu unapanda wenyewe taratibu. Juu unafunika kwa nailoni angavu, unaweka kivulini au chini ya shedineti. Ukifungua asubuhi unakuta matone yamening'inia kwa ndani, hapo ujue hewa iko sawa. Na kila ukifungua pulizia maji kwa chupa kabla ya kufunga, maana kale kahewa kenye unyevu kakitoka majani yanashtuka.

Mchanga: sisi Mwanza tuna bahati ya mawe. Ule mchanga mkali unaoshuka na maji kutoka kwenye milima ya mawe ni mzuri kuliko wa kununua, punje zake zina kona, maji yanapita. Wa ziwani unafaa ukioshwa, ila ni laini sana na una vipande vya konokono, na tafadhali usiingie ziwani na miguu mitupu kuuchota, kichocho kipo. Ukishaupata ukaange kwenye bati kuukuu juu ya moto mpaka uwe wa moto wa kutogusika, uache upoe. Hapo umeua karibu kila kitu kilichokuozeshea vile 48.

Kwa kukata, kuna ule mti wako uliomenywa nusu. Huo ningeukata mita moja kutoka chini uchipue, yale machipukizi ndo vipandikizi vyako.

Mzee_wa_Ngitili

Mwangaluka wote. Mwanangu Nyanzobe usiukate huo mti. Naomba unisikilize kwanza na huyo kijana wa kitalu anisamehe, anajua kazi yake ila hapo kwenye kukata mti uliojeruhiwa nakataa, mti ukishamenywa nusu chakula chake kinapita kwenye ule upande mmoja uliobaki, na majani yake ndo yanayolisha mizizi, sasa ukikata juu unaunyang'anya na hicho kidogo, unaweza kuchipua na unaweza kufa na wewe una mitatu tu huna cha kubahatisha. Pale penye jeraha chukua udongo wa mfinyanzi changanya na mavi ya ng'ombe mabichi pakaza nene funga na gunia, sisi ndo tunavyofanya Kwimba huku, jua lisilikaushe na wadudu wasiingie.

Mimi ni mganga, baba alikuwa mganga, na nina ngitili ya eka nne ambayo ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikali. Wengine hapa vijana hawajui, wasukuma tulikuwa na ngitili zamani, eneo linafungwa nyasi zikue, na miti ya dawa ilikuwa inajificha humo humo. Zikaisha, watu wakafyeka. Ulipokuja ule mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 watu wakafundishwa kuzirudisha, na nilikwenda kwa shemeji yangu nikaona kwa macho yangu visiki ambavyo tulidhani vimekufa vinachipua baada ya kufunga tu, bila kupanda hata mche mmoja. Nikarudi nikafunga ya kwangu. Mlungulungu umerudi kutoka mizizini.

Ndo nataka kukufundisha hiyo. Usianze na tawi anza na mzizi. Nenda hatua mbili kutoka kwenye shina, upande ambao haujaumizwa, fukua kwa mkono usitumie jembe, utakuta mzizi unatembea karibu na juu, chagua wenye unene wa kidole siyo ule mkubwa. Kwangua gome lake kidogo juu kwa kisu kisafi urefu wa ukucha, usiukate ukapita. Funika na udongo mwepesi usioshindiliwa, weka majani makavu, acha. Mvua za vuli zikinyesha panachipua. Chipukizi likifika magotini ukate ule mzizi kwa upande wa mama tu, halafu liache hapo hapo msimu mzima lijifunze kujitegemea, ndo unahamisha na bonge la udongo wake. Nikifanya kwenye mizizi mitano napata mitatu minne.

Na hao wanaomenya kuzunguka wengi wao siyo waganga, ni wachuuzi, wanauza kwa kilo. Mganga anayejua mti hauui mti wake.

Fundi_Kitalu

Mzee shikamoo. Nimekuelewa na nafuta ushauri wangu wa kuukata, nilikuwa nafikiria kwa hesabu ya kitalu ambako nina miti mama kumi, yeye ana mitatu. Na umenipa kitu: yale machipukizi ya mzizini yana ujana ule ule niliokuwa nautafuta kwenye kisiki. Kwa hiyo dada, chipukizi likitoka mawili matatu mahali pamoja, acha moja likue, mengine yakate yawe vipandikizi vya sanduku. Hapo unapata njia mbili kwenye jeraha moja dogo.

Nyanzobe_wa_Kisesa

Mzee wangu shikamoo na wabeja sana, kaka Fundi asante. Nimesoma mara tatu. Kesho kutwa naenda Magu na udongo wa mfinyanzi. Swali, kutoka Magu mpaka Kisesa ambako nitaweka sanduku ni daladala na jua, vipandikizi si vitakuwa vimekufa njiani?

Fundi_Kitalu

Kata asubuhi kabla ya saa mbili. Kila ukikata chovya kwenye ndoo ya maji, funga na gunia lililoloa, weka kwenye deli, yale ya samaki yanafaa sana ila lioshe vizuri na jiki halafu usuuze. Usiweke barafu igusane nayo. Yapandwe siku hiyo hiyo, ya kesho yake usihangaike nayo. Ukifika nyumbani kata upya chini ya jicho kwa wembe mpya, urefu wa kiganja, yabaki macho matatu manne. Jani la mlungulungu lina vijani vingi kwenye ujiti mmoja, yale ya chini toa yote, ya juu acha jani moja au mawili na uyapunguze nusu. Usiyatoe yote, majani kidogo yanasaidia kutengeneza mizizi. Na miiba yake ile iliyopinda ivue kwa kusukuma na kidole pembeni, usiivute ukachana gome.

MwlBaiolojia_UKR

Habari zenu. Niko Ukerewe, nafundisha sekondari. Nimefurahi kukuta mazungumzo haya maana kila mtu anazungumzia KUOTESHA na hakuna aliyeuliza kitu kimoja ambacho kinaweza kuifanya kazi yote ya dada iishe bila faida.

Dada Nyanzobe, katika hiyo mitatu, mingapi ni majike?

Mlungulungu una mti dume na mti jike, mbalimbali, kama mpapai. Maua ni madogo ya kijani-njano, ukisimama mbali huyaoni. Dume linatoa maua na linaishia hapo. Jike ndo linazaa vile vitunda vidogo vyekundu kahawia vinavyopasuka, ndani kuna punje nyeusi inang'aa kama imepakwa mafuta, ndege wanaipenda sana. Sasa kipandikizi ni mti ule ule. Hata chipukizi la mzizi la mzee ni mti ule ule. Ukikata matawi 100 kwenye dume utapata madume 100, yatakuwa mazuri, yatatoa majani, utapiga picha, na hakuna hata moja litakalozaa mbegu maisha yake yote. Ukikata yote kwenye jike na hakuna dume karibu, hali ni hiyo hiyo.

Na hata jinsia ikikaa sawa, miche mia kutoka mti mmoja ni mti mmoja umesimama sehemu mia. Ukija ugonjwa unaoujua huo mti, au kiangazi ambacho damu yake haikiwezi, vinaondoka vyote pamoja. Kwa kuuza miche hilo siyo tatizo, watu wa maembe ndo wanalotaka, embe lile lile. Kwa kuhifadhi ni tatizo kubwa. Unahitaji miti mama mingi kadri unavyoweza, ya sehemu tofauti, dume na jike, na kila kipandikizi kiwe na lebo kimetoka mti gani. Kata kopo la bia au la soda vipande, andika kwa msumari, funga na waya, maandishi ya kalamu yanafutika mvua ya kwanza.

Na mbegu usizidharau. Mbegu ndo inaleta mtoto mpya kweli. Tatizo lake ni yale mafuta ya juu, maji hayaingii. Mimi navuna vitunda kabla havijapasuka, naanika kivulini juu ya mkeka na kufunika na kipande cha chandarua maana vikipasuka punje zinatoka. Halafu nasugua na majivu na mchanga na maji kidogo, viganja viwili, mpaka ule mng'aro uondoke ziwe nyeusi ya mkaa. Zinazoelea natupa. Napanda zikiwa mpya. Zinachelewa na hazioti zote, ila zinaota.

Nyanzobe_wa_Kisesa

Mwalimu umenishtua. Nimempigia mama sasa hivi. Anasema anakumbuka mti mmoja tu wenye punje nyeusi, ule wa kwenye kichuguu, na bibi alikuwa anauita "mama". Ile mingine miwili hajawahi kuona punje. Vile vipandikizi 48 nilikata YOTE kwenye ule mmoja wa njiani kwa sababu matawi yake yalikuwa chini. Kumbe hata vingeota vyote ningekuwa na msitu wa baba mmoja.

Na ule uliomenywa nusu ndo wa kwenye kichuguu. Ndo mama mwenyewe.

Mzee_wa_Ngitili

Sasa umeelewa kwa nini nilisema usiukate.

Zawadi_Sengerema

Dada kitu kimoja tu hujaambiwa, VIWAVI. Mlungulungu ni ukoo mmoja na ndimu na chungwa, kwa hiyo kipepeo wa machungwa anauchukulia kama wake. Nilikuwa na miche 20 jirani na mlimao wangu, nikaenda msibani Geita siku nne, nimerudi nakuta vijiti. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, mweusi na doa jeupe, unampita bila kumjua, akikua anakuwa kijani mnene, ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani na harufu kali. Okota kwa mkono asubuhi na jioni, geuza na majani kwa chini utoe mayai, ni kapunje ka njano. Weka neti. Usipige dawa miche michanga. Na kitalu kiwe mbali na milimao.

Pia kama unatafuta miti mama zaidi usiingie hifadhi ya misitu kukata bila kibali, sheria ya misitu ya 2002 inataka kibali, watu wa TFS (wakala wa huduma za misitu) wilayani wanatoa na wakijua ni kwa ajili ya kuotesha wanakusikiliza. Mimi walinisikiliza. Saanane na Rubondo hizo ni hifadhi za taifa, huko usiguse hata jani. Tafuta kwenye mashamba ya watu, kwenye mawe, wazee wanajua ilipo.

Ngosha_Mc

Hivi kwani huu mti unatibu malaria kweli? Maana nikifuga wengi si biashara

Zawadi_Sengerema

Ngosha, watu huku wanaunywa kwa homa toka enzi, wengine wanatafuna kijiti kama mswaki, wengine majani kama chai. Ila malaria kapime zahanati unywe dawa ya mseto, mtoto usimchezee. Na biashara ya majani siyo mbaya, jani linarudi. Ya magome na mizizi ndo iliyotufikisha hapa.

Nyanzobe_wa_Kisesa

Wakuu nimerudi, najua ni miezi mingi. Niliahidi majibu na sikutaka kuja na maneno matupu.

Mama wa kwenye kichuguu yupo. Tulimpakaza udongo na mavi ya ng'ombe mara mbili, mimi na mjomba, tukafunga gunia, na tukakata miiba tukazungushia. Pembeni ya jeraha kumeanza kuota mdomo mpya wa gome, mwembamba, laini, rangi ya maziwa ya chai, unatambaa kuingia ndani kama mm chache kila upande. Nimeupiga picha kila mwezi nikiweka sarafu ya shilingi mia pembeni nipime.

Mizizi: niliijeruhi sita, miwili kwa kila mti kama mzee alivyosema. Vuli ilipoanza imechipua minne. Mmoja ulitoa machipukizi matano kwa pamoja, nikaacha moja, manne nikakata yakaenda sandukuni. Sanduku alinipigia fundi wa vitanda hapa Kisesa kwa mabaki ya mbao, nikamkataza mbao zilizopakwa dawa. Mchanga nilichota kwenye korongo chini ya mawe, nikaukaanga, jirani wakaja kuuliza napika nini.

Vipandikizi jumla nilivyoweka kwenye awamu mbili ni 36, kutoka miti yote mitatu. Vilivyotoa mizizi ni 9. Saba kati ya hivyo vimetoka kwenye machipukizi ya mzizini na kwenye vitawi vichanga vya chini, viwili tu kwenye matawi ya kawaida, kwa hiyo kaka Fundi ulisema kweli kabisa kuhusu ujana. Wiki ya sita nilivuta kimoja nikidhani kimekufa, nikakuta donge jeupe chini kama punje ya mtama iliyopasuka, hakuna mzizi, nikakirudisha haraka. Wiki ya kumi kile kile nilikivuta kidogo kikanishika. Siwezi kuwaeleza ile hisia ya kijiti kukataa kutoka. Lebo za makopo zimedumu, nimeandika M kwa mama, B1 na B2 kwa ile mingine miwili ninayodhani ni madume. B2 ilichanua mwezi wa kumi na moja nikasimama na miwani ya mama nikaona vumbi la njano, ni dume hakika. B1 bado sina uhakika, haijachanua nikiwepo.

Mbegu: mama alizaa kidogo sana, nilipata vikombe viwili vya kahawa vya vitunda na ndege walishatangulia. Nimesugua na majivu kama mwalimu alivyosema, zimeota 11. Viwavi vilikuja, dada Zawadi, tena hapa Kisesa ambapo sina hata mlimao, nilikuta vinne kwenye mche mmoja, nikatoa, nikaweka neti.

Hesabu yangu leo ni vipandikizi 9, machipukizi manne bado yako shambani, miche ya mbegu 11. Tatizo lililobaki ni lile la mwalimu. Nina mama mmoja tu. Miche 11 yote ni watoto wa mama mmoja na baba mmoja au wawili. Nahitaji damu nyingine, hasa jike la mbali. Nani ana mlungulungu unaozaa punje, nje ya Magu? Sitaki gome, nataka vitawi kumi vya penseli au mzizi mmoja nijeruhi na kuufunika.

MwlBaiolojia_UKR

Huku Ukerewe ninayo majike mawili yanayozaa, moja kwenye shamba la shule na jingine kwa jirani yangu ambaye ameshakubali. Punje zikikomaa nakuwekea na nakutumia na mtu wa meli. Na mimi naomba chochote kutoka B2, madume yangu yote ni chipukizi la mti mmoja.

Mzee_wa_Ngitili

Mwanangu kazi umeifanya. Kwenye ngitili yangu iko saba, majike matatu, na madume ninayo ya kutosha ila nataka mtoto wa huyo mama wa kichuguuni aje akae huku, apate mahali pasipofikiwa na panga. Njoo Jumamosi, shuka Ngudu stendi mjukuu wangu atakupokea na pikipiki. Usiku huo ulale hapa, tukate Jumapili alfajiri kabla jua halijakaza. Uje na gunia lako na lile deli, na wembe mpya, wa kwangu una kutu.

Nyanzobe_wa_Kisesa

Nakuja mzee. Nakuletea M-3 na M-7, ndo yenye mizizi mingi kuliko yote, na bonge moja la udongo wa kile kichuguu ili isishtuke.